Kibao

Nakiita kibao, kwa kuwa jina lake la dukani halikai mdomoni.
Kilikuja ndani ya soksi, begini kwa shemeji,
kioo kina mkwaruzo pembeni, mwembamba kama ndevu ya paka.
"Humo mna vitabu kibao," alisema,
nikacheka: kibao cha vitabu kibao,
nikakiweka juu ya kabati wiki mbili
kama dawa ambayo mgonjwa haiamini.

Vitabu vyangu vya awali vilikunywa maji Kigogo
usiku ule Msimbazi ulipopanda hadi kitandani.
Asubuhi nilivianika juu ya bati, vikavimba kama maandazi,
kurasa zikagandana. Vilivyosalia tulifungia karanga.
Sikulia.
Nililia mwezi uliofuata, nilipokula karanga
nikakuta nusu ya sentensi niliyoujua mwisho wake.

Sasa nasoma.
Nasoma Luku ikiisha, ndani ya chandarua,
kwa mwanga mdogo usioita hata mbu.
Nasoma dukani, kati ya mteja wa kikohozi na mteja wa minyoo.
Nasoma kwenye foleni ya maji, ndoo naisogeza kwa mguu.
Mama Sikudhani anaamini nabeti:
"Leo mkeka umetiki?"
Umetiki, namjibu. Muuaji ni yule daktari.

Lakini hakina kurasa, kina asilimia.
Shomvi, mwanangu, akiniuliza nimefika wapi
namwambia thelathini na saba kwa mia, kama simu iliyo kwenye chaji.
Hakina harufu. Hakina ule unene wa kushoto
unaokua huku wa kulia ukipungua;
mwisho siujui hadi nimeukanyaga.
Na hakiazimiki.
Hapo ndipo paliponiuma.
Kigogo, kitabu changu hakikuwa kinalala kwangu:
kilitoka kwa fundi Mwinshehe, kikapita kwa mpiga pasi,
kikarudi na doa la chai ukurasa wa tisini
na mstari wa penseli chini ya neno ambalo mimi nililiruka.

Fundi Mwinshehe naye alihamia Mburahati, yeye na cherehani yake.
Siku hizi mshono wake unakwenda upogo.
Ukosi wa sare ya Shomvi umekaa kama umeshtuka.
Watu wanasema ni pombe. Hanywi.
Kila jioni aliniuliza, "Huna kitu cha kusoma?"
Nami nilimwonyesha kibao, nikasema, "Vyote vimo humu,"
maana yake: hapana.

Ijumaa moja aibu ikanishinda, nikampa.
"Wiki," nilisema. Alikaa nacho siku kumi na saba.
Siku kumi na saba nikasoma maelezo ya dawa,
ile karatasi inayokunjwa mara nane ndani ya boksi,
nikajua madhara yote ya vidonge vyote
na hakuna hata kimoja chenye mapenzi ndani yake.

Alikirudisha ndani ya mfuko wa khaki alioushona mwenyewe,
uzi umepotea njia kidogo.
Usiku nikakiwasha.
Herufi zilikuwa kubwa kuliko jina la kanga.
Maneno manne, ukurasa umejaa.
Maneno manne, kidole. Maneno manne, kidole.
Siku kumi na saba hivyo, hadi asilimia tisini na nane.

Hakuniambia. Hajamwambia mtu.
Anaishi kwa macho, na mtaa mzima
umeweka chupa pale penye ukungu.

Najua pa kubonyeza ili zirudi ndogo.
Sikubonyeza.
Nilianza mwanzo, kubwa vilevile,
polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi adhana.
Jumatatu nikampelekea tena,
pamoja na suruali ya Shomvi, ipunguzwe.
"Umebakiza mbili kwa mia," nikamwambia.
"Mimi sitafika leo wala kesho. Utanisimulia."